Pampu Inaning'inia kwenye Mkanda

Mkanda wa taimingi wa gari langu, ule unaofanya valvu zifunguke kwa kufuatana na mwendo wa pistoni, haukukatika. Natangulia kusema hivyo kwa sababu kila ninayemsimulia yaliyonikuta barabara ya Muheza hunidakia, "Mkanda ulikatika, eh?" Hapana. Mkanda tuliutoa mzima, meno yote yapo, ukiukunja hauonyeshi hata ufa. Kilichokufa ni beringi moja kati ya zile zinazouongoza mkanda, ile yenye puli ya meno. Grisi ilikauka ndani, ikawa inalia asubuhi kwa sauti nyembamba kama ya chiriku. Nikadhani ni feni belti, nikabadilisha feni belti, sauti ikaendelea. Siku beringi ilipokwama, mkanda ulipita juu yake ukiteleza, ukaruka meno, na pistoni zikakuta valvu zikiwa bado wazi. Haikuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa kama sahani ya bati imeanguka kwenye sakafu ya saruji, kisha kimya, gari likaserereka lenyewe hadi pembeni, michungwa kulia, michungwa kushoto, na jua la saa nane limesimama utosini.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, injini EJ205, lita 2, turbo, silinda nne zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule. Tulipofungua hedi, yaani kichwa cha silinda, valvu sita zilikuwa zimepinda.

Mapenzi ya gari hili niliyarithi nyumbani. Baba yangu ni mtu wa redio, na katika ujana wake habari za Safari Rally zilikuwa kama habari za mpira. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Baba hajaacha hadi leo kusema kwamba Bert Shankland, dereva wa kwetu Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Mimi nilikulia kwenye zama za Subaru za bluu: Colin McRae akishinda Safari 1997, Richard Burns mwaka 2000. Kwa hiyo nilipopata kazi na kuweka akiba, sikuwaza gari lingine. Na injini ilipokufa, sikuwaza kuirudisha ilivyokuwa tu. Niliwaza kuisuka upya iwe na nguvu zaidi, nishiriki mbio za klabu angalau mara moja kabla sijafika miaka 40.

Gereji ninayoiamini iko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, chini ya mwembe ambao umeloa oili kuliko unavyoloa mvua. Nilimfuata fundi wake mzee, nikiwa na karatasi. Nilikuwa nimeorodhesha pistoni za kufuliwa (imara kuliko za kumimina), turbo kubwa zaidi ya kusukuma hewa kwenye injini, puli za kurekebisha za kamshafti (shafti zinazofungua valvu), na mkanda wa bluu wa mashindano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete karatasi yako."

Aliisoma mpaka mwisho, polepole, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake badala ya kunirudishia. Akaniuliza swali moja: "Gari lako lilikuwa linachemsha wapi?"

Nikamwambia ukweli. Barabara kuu halikuchemsha kamwe, hata nikienda Segera kwa mwendo ambao nisingependa mama yangu aujue. Lilichemsha mara mbili, na mara zote mbili ni mlima wa Mombo kwenda Lushoto, nikiwa nyuma ya lori.

"Soni?"

"Karibu na Soni, mzee."

"Basi nunua vifaa vya Soni. Hivi vyako ni vya barabara ambayo haikusumbui."

Niliondoka nimeudhika kidogo. Ilinichukua wiki nzima ya kusoma na kupiga hesabu kuelewa kwamba yale maneno mawili, vifaa vya Soni, yalikuwa yamemaliza karibu kila swali nililokuwa nalo.

Anza na hesabu ya joto. Petroli inayoungua ndani ya injini haigeuki yote kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida, kama theluthi moja inafika kwenye krankishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, theluthi inatoka na moshi, na theluthi inabaki kwenye chuma, ambako maji na oili lazima viibebe na kuipeleka nje. Sasa chukua injini ya nguvu farasi 250. Hiyo ni kilowati 186 kwenye krankishafti. Ina maana kwamba ukikanyaga mpaka mwisho, mfumo wa maji unapaswa kutupa nje joto linalokaribia kiasi hichohicho. Pasi ya umeme ya nyumbani ni kilowati moja na kitu. Fikiria pasi zaidi ya 100 zimewashwa pamoja chini ya boneti, na kazi ya kuzipoza amepewa rejeta moja nyembamba. Ukiongeza turbo, unaongeza pasi. Karatasi yangu ilikuwa imeongeza pasi tu, haikuongeza hata tone la maji.

Jambo la pili linahusu ujenzi wa EJ yenyewe. Katika injini nyingi pampu ya maji inazungushwa na feni belti ya nje, kwa hiyo mtu anaweza kusema taimingi ni sura moja na kupoza ni sura nyingine. Kwenye EJ si hivyo. Pampu inazungushwa na mgongo wa mkanda wa taimingi. Beringi ya pampu ikifa, mkanda unakufa nayo, na valvu zinapinda vilevile. Pampu ikianza kuvuja, maji yanamwagikia mkanda. Na ukitaka kubadilisha pampu ya bei ndogo, lazima uvue taimingi yote. Kwa hiyo swali la "nichague taimingi ipi, nichague pampu ipi" ni swali moja. Mtu anayenunua mkanda mpya na kuacha pampu yenye kilomita 120,000 hajanunua taimingi. Amenunua kipande cha mpira.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Mkanda wa bluu niliokuwa nimeuandika, wa Gates, si mchezo wa rangi. Umetengenezwa kwa mpira na nyuzi imara kuliko wa kawaida, na kwenye injini ya mizunguko mikubwa yenye springi kali za valvu una nafasi yake. Lakini nikajiuliza: je, mkanda ndio ulioniangusha? Haukuwa mkanda. Mkanda wa kawaida wa Kijapani umekusudiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na wangu ulikuwa bado mzima wakati beringi imegeuka majivu. Fedha ya ziada ya mkanda wa bluu niliihamishia kwenye beringi, tenshena inayoukaza mkanda, na pampu. Nikaamua mkanda wangu nitaubadilisha kwa nusu ya muda wake, kila kilomita 50,000, kwa sababu ya joto letu na vumbi jekundu linaloingia kila mahali ukishaacha lami.

Puli za kamshafti za kurekebisha niliziacha kabisa. Zinapendeza, na fundi mwenye mashine ya kupima nguvu anaweza kuzitumia kusogeza nguvu kutoka mizunguko ya chini kwenda ya juu. Mimi nataka nguvu chini, pale Soni, gia ya pili. Puli za kiwandani zinanipa hiyo bila boliti za kulegea. Kumbuka kwamba kamshafti inazunguka nusu ya krankishafti. Injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga kama mara 58 kwa sekunde moja. Kila boliti unayoongeza kwenye mtambo wa namna hiyo ni kitu kingine cha kufikiria usiku.

Halafu kuna kiti feki, yaani seti bandia ya vifaa vya taimingi. Kabla sijakwenda kwa mzee nilikuwa nimeshanunua kiti nzima ya taimingi kwenye duka moja la spea, si hapa Tanga, na sitalitaja. Boksi lilikuwa zuri, lina stika inayometa. Mzee alichukua beringi mbili, ya kwangu mpya na moja ya kiwandani iliyotumika nusu ya umri wake, akazishika moja mkono huu na nyingine mkono ule, akazizungusha kwa kidole. Ya kwangu ilizunguka sana, laini, kama gurudumu la gari la mtoto. Ile ya zamani ilizunguka robo tu ikasimama.

Nikafurahi, nikasema ya kwangu ni nyepesi.

"Nyepesi kwa sababu ni kavu," akasema. "Beringi nzuri mpya ni nzito kidogo mkononi, grisi inaikamata. Hii haina kitu ndani."

Akaipasua kifuniko kwa bisibisi nyembamba. Ndani kulikuwa na mstari wa grisi mwembamba kama wa mafuta ya nywele, upande mmoja tu. Toka siku hiyo sinunui beringi bila kuizungusha dukani, na naangalia jina lililochongwa kwenye chuma au kwenye mpira wa beringi yenyewe, NSK, NTN au Koyo, si lililopigwa chapa kwenye boksi. Boksi linachapwa popote. Kiti niliyoifunga hatimaye ni ya Aisin, iliyokuja na pampu yake. Ililetwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwenye buti ya basi, nikaipokea stendi ya Kange saa moja usiku na kuifungua pale pale kwa mwanga wa simu, nikizungusha beringi moja baada ya nyingine, kondakta akinitazama.

Pampu nayo ina mjadala wake. Kuna zenye mapanga ya bati lililokunjwa na zenye mapanga ya chuma cha kumimina. Wapenda mbio wanahofia vipovu: panga likizunguka kasi mno, presha nyuma yake inashuka, maji yanachemka pale pale na kuwa vipovu, vipovu vinapasuka na kula chuma, na pampu inasukuma povu badala ya maji. Ni hofu ya kweli kwa gari linaloshinda kwenye mizunguko 7,000. Lakini rudi Soni. Pale injini inazunguka 2,500 au 3,000, pampu inasukuma maji vizuri kabisa. Kinachokosekana mlimani ni upepo. Nikabaki na pampu ile ya Aisin iliyokuja na kiti, nikaongeza gasketi ya chuma badala ya ya karatasi, nikaendelea.

Upepo, basi. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, hewa inasukumwa ndani ya rejeta upende usipende. Likienda kilomita 15 nyuma ya lori la mbogamboga, hewa yote inayopita ni ile feni inayoweza kuivuta. Karibu kila tangazo la rejeta ya mashindano linakuuzia unene. Nilikuwa nimeshaipenda moja ya aluminiamu, nene kama tofali la kuchoma, yenye mapezi yaliyobanana. Ni nzuri kwa gari la kasi. Kwa gari la polepole, feni zilezile mbili za kiwandani zinapaswa kuvuta hewa kupitia ukuta mnene zaidi, na hewa inayopita inapungua. Nikachagua ya aluminiamu tupu ya unene wa kati, yenye matangi ya aluminiamu pia, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na matangi ya plastiki ya miaka 20 na tayari ilikuwa na ufa mwembamba kwenye shingo ya juu.

Hapo ndipo nilipodhani nimemaliza. Lakini mzee alinituma nikapime umeme wa feni kabla ya kununua chochote kingine.

Nilipima kwa multimita, injini ya rafiki yangu ikiwa imeunganishwa kwa majaribio na altaneta inachaji. Betri ilikuwa na volti 13.8. Kwenye plagi ya feni zilifika 10.9. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Tukafuata waya mpaka athi, waya wa kurudisha umeme, pale inapofungwa kwenye bodi nyuma ya taa ya kushoto, na boliti ilikuwa imevaa unga wa kijani na mweupe, mnene, unaosagika kwa kucha. Ni chumvi. Mimi naishi Raskazone, madirisha wazi, na bahari inaingia ndani ya nyumba na ndani ya gari usiku kucha. Feni zangu zilikuwa zinazunguka, ndiyo, ukizitazama unaona zinazunguka, ila kwa nguvu pungufu sana. Tulisugua bodi mpaka chuma cheupe, tukaweka athi mpya nene, tukapaka grisi juu, tukabadilisha na rilei, swichi inayowasha feni. Gharama yake haikufika ya sahani tatu za wali samaki. Sina shaka hata kidogo kwamba kazi ile ilipoza gari langu kuliko rejeta mpya.

Ukiwa unaishi Tanga, Pangani, Bagamoyo, popote bahari inaponusika, fanya hivyo kwanza. Na osha rejeta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kutoka nyuma kwenda mbele, na uachanishe kondensa ya AC na rejeta uoshe katikati. Katikati ya zile mbili nilitoa vumbi la njia za mashamba ya mkonge, mbawa za panzi, na nyuzi ambazo sijui zilifikaje, vyote vimeshonana kama zulia. Mbele kunaonekana kusafi, katikati kumezibwa.

Tena kuna jambo ambalo karibu kila Subaru ya mtumba inayofika hapa imelipoteza: bamba la chini ya bampa. Mtu anagonga tuta, linavunjika, analitupa, anasema ni pambo. Si pambo. Linazuia hewa iliyoingia mbele isitoroke chini kabla ya kupita kwenye rejeta, na gari likiwa kasi linasaidia hewa ya moto kunyonywa itoke. Nilikata jipya kwa bati la aluminiamu, na mianya yote kati ya bampa na rejeta nikaiziba kwa sponji ngumu ya godoro, ile iliyobanwa. Hewa ni kama maji, itapita palipo rahisi. Ukiiachia mwanya kando ya rejeta, haitahangaika kupita katikati.

Kuhusu thamostati, lango dogo linalofungulia maji yakishapata joto, nina neno, na nalisema kwa heshima kwa mafundi walionilea. Mazoea yetu ya kutoa thamostati na kuitupa yanaua injini hizi polepole. Gari likikosa thamostati, kwenye tambarare halifikii joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli ile inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ringi zinalika. Halafu ukifika mlimani linachemsha vilevile, kwa kuwa tatizo halikuwa thamostati, lilikuwa upepo.

Nilizipima mbili jikoni kwa mama, kwenye sufuria, juu ya jiko la mkaa, na kipimajoto nimekining'iniza kwa uzi kisiguse chini. Mama alikaa kwenye kigoda akachambua mchele na kuniuliza kila dakika kama hiyo nyama yangu imeiva. Ya kiwandani ilianza kufunguka kwenye 78, na kitabu cha Subaru kinasema kati ya 76 na 80, iwe wazi kabisa kufikia 91. Ile kopi ilianza kwenye 86, na ilipofika mwisho mdomo wake ulikuwa nusu ya mdomo wa mwenzake. Ukiziweka sambamba mezani, hata kabla ya kuzichemsha, ya kiwandani ni kubwa kwa umbo. Mama akasema, "Sasa hiyo ndogo waliitengeneza ya nini?" Sikuwa na jibu.

Kifuniko cha rejeta pia kinapuuzwa. Maji ya kawaida usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Kifuniko cha bar 1.1 kikishika presha yake, yatafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Kikilegea springi, umerudi kwenye 100. Na Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, ambako maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko kibovu kinachokuvumilia Chumbageni kitakusaliti juu ya mlima, na wewe utalaumu gasketi ya hedi. Gari hili la turbo lina kifuniko kwenye tangi la juu karibu na turbo na kingine kwenye rejeta yenyewe. Si pacha, usivibadilishane.

Ndani niliweka kulanti (dawa ya kupozea) ya bluu ya Subaru na maji yaliyosafishwa. Barafu haitatukuta Tanga, kwa hiyo wapo wanaosema tutumie maji matupu, na kweli maji matupu hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko. Lakini ndani ya injini ile kuna aluminiamu, chuma na bati vinagusana, na maji ya kisima chetu yana chumvi unayoweza kuionja kwenye chai. Dawa ya kuzuia kutu ni lazima. Sikuona haja ya kubishana zaidi.

Oili nitaipita haraka. EJ205 inatoka kiwandani na kipoza oili kidogo kinachotumia maji, chini ya filta. Kwa nguvu ninayoitaka kinatosha. Nikija kukimbia mbio ndefu nitafikiria cha kupozwa na hewa.

Na turbo kubwa? Niliiondoa kwenye karatasi. Injini za Subaru za Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu kuliko tunayojaza hapa, na joto likizidi petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, kompyuta inarudisha cheche nyuma, nguvu inapotea. Ukiwa na bahati mbaya pistoni inavunjika ukingo. Pistoni za kufuliwa nimeweka, maana injini ilikuwa wazi tayari na hedi zimeshaskimiwa, yaani kusawazishwa uso. Nguvu ya turbo ileile ya kiwandani ikibaki baridi na cheche zikabaki mahali pake, ni nguvu nyingi.

Siku ya kufunga taimingi mzee alinikabidhi spana. Yeye alikaa kwenye tairi bovu na kahawa yake.

Tenshena ya hidroliki nilianza kuibana kwenye vaizi kama mtu anayebana kipande cha bomba. Akapiga kelele. Inabanwa ikiwa imesimama wima, polepole, kwa muda usiopungua dakika tatu, ndipo unapochomeka pini. Ukiiharakisha unaua sili zake za ndani na hutajua mpaka mkanda uanze kupiga. Aliangalia saa yake. Dakika tatu ukiwa umeshika mkono wa vaizi ni ndefu kuliko unavyofikiri. Adhana ya alasiri ilianza na kuisha nikiwa bado nazungusha robo kwa robo.

Kwenye krankishafti kuna alama mbili, na hapa wengi wameharibu injini mpya. Kuna mshale unaoonekana vizuri kwenye uso wa puli, na kuna mkato mdogo kwenye jino la nyuma yake. Macho yanakwenda kwenye mshale. Alama ya taimingi ni ule mkato mdogo. Ukiuelekeza juu, pistoni zote nne zinakuwa katikati ya safari yake, hakuna iliyo juu, na hapo valvu haziwezi kuigusa pistoni. Bado kuna hatari nyingine: kamshafti za upande wa kushoto zikifika kwenye alama zake, zinakuwa zimekandamiza springi za valvu, na zinataka kuruka. Ukiziachia, au ukizizungusha njia ndefu, valvu ya kuingiza na ya kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Unazungusha kwa pembe ndogo kadiri inavyowezekana, na unashika. Mikono yangu ilitoka jasho mpaka spana ikateleza, mzee akainuka bila neno, akashika puli ya juu, mimi nikapitisha mkanda.

Na ule ulimi mdogo wa chuma unaokaa juu ya puli ya krankishafti kwenye magari ya gia za mkono, uliokuwa umetupwa na fundi wa awali, tuliutafuta na kuurudisha. Unazuia mkanda usiruke gari likiachwa kwenye gia kilimani na kurudi nyuma. Mwanya wake na mkanda uwe milimita moja, zaidi au pungufu nusu. Kava za taimingi pia zimerudi zote. Najua kijana aliyeziacha wazi ili rangi ya mkanda ionekane, kokoto likaingia.

Baada ya kilomita 1,500 za kulilainisha gari kwa mwendo wa upole, nilikwenda Mombo, Ijumaa, mchana, kwa makusudi saa ambayo malori yanapanda. Nilikuwa nimefunga geji ya joto la maji yenye namba, kwa kuwa ile ya dashibodi husimama katikati kwa muda mrefu hata mambo yakiwa yanabadilika. Kwenye lami ya Korogwe ilisoma 84, 85. Kona za kwanza juu ya Mombo, 88. Kabla ya Soni nikamkuta niliyemtarajia: lori kuukuu linarudi na kreti tupu, moshi mweusi, gia ya kwanza, kilomita 12 kwa saa. Nikazima muziki. Feni zikaingia, nikazisikia zote mbili, sauti nzito iliyojaa ambayo gari hili halikuwahi kuwa nayo tangu nilinunue. 91. 93. Ikapanda 94, ikasimama, ikarudi 93.

Dereva wa lori aliniona kwenye kioo, akasogea kando palipokuwa na nafasi, akawasha indiketa ya kushoto na kutoa mkono nje: pita, kumenyooka. Nikamwonyesha taa kumshukuru, nikabaki nyuma yake mpaka Soni.